Simba wa Luzern, na njia ninayowapitisha wageni wangu

Wageni wengi wanaonijia Luzern, hapa Uswisi, hufika na picha mbili kwenye simu: daraja la mbao lililopambwa maua, na mlima wenye theluji kileleni. Wanataka wapige picha darajani, wapande mlimani, wanunue chokoleti, warudi Zürich kabla giza halijaingia. Nawaelewa. Kutoka Zürich treni haimalizi saa nzima, na kutoka Basel, ambako vijana wetu wa Ifakara huenda kusomea utafiti wa malaria, ni kama saa moja tu. Mtu anaiona Luzern kama kituo cha kupitia.

Mimi naishi hapa na kazi yangu ni kutunza wazee. Asubuhi ninapomvalisha mzee soksi au kumkatia mkate, nasikia habari za mji wake: daraja liliungua usiku gani, nani alikuwa na duka chini ya nguzo za sokoni, babu wa nani aliondoka kijijini akiwa kijana na hakuonekana tena. Hao ndio walionifundisha Luzern, na kwa maneno yao nimefika mahali pa kuamini jambo moja: vivutio vya mji huu vinasimulia hadithi moja, na anayeiruka ameona mapambo tu. Ni hadithi ya mji ulioishi kwa kupitisha mizigo ya watu wengine, na kwa kupeleka wanaume wake wakapigane vita vya watu wengine kwa mshahara. Nikimtembeza mgeni, namtembeza kwa kufuata hadithi hiyo.

Kwa hiyo hatuanzii darajani. Tunaanzia mlangoni pa stesheni. Pale nje limesimama lango kubwa la mawe peke yake, halina jengo nyuma yake. Ndilo lililobaki la stesheni ya zamani iliyoteketea Februari 1971. Ukisimama chini yake, ziwa liko kulia kwako karibu kabisa, na jengo la KKL lenye paa pana lililojitokeza juu ya maji, kazi ya mbunifu Mfaransa Jean Nouvel, liko pembeni. Humo ndimo wanamofanyia matamasha ya muziki kila kiangazi. Mbele yako ziwa linakwisha na mto Reuss unaanza. Namwambia mgeni atazame hapo kwanza kabla ya kutoa simu. Ziwa hili, wenyeji wanaliita Vierwaldstättersee, linaingia ndani ya milima kwa mikono mingi, na mkono wa mwisho kabisa kule kusini unafika Flüelen, chini ya njia ya Gotthard. Karne ya 13 njia hiyo ilipofunguka kwa misafara ya kwenda Italia, mizigo ilianza kupita hapa: ikipakiwa kwenye mashua, ikivushwa ziwani, kisha ikipanda mgongoni mwa wanyama. Luzern ilikuwa mlango. Ndiyo sababu ya ukuta, minara na madaraja yote utakayoyaona. Mtu akishaelewa maji yanatoka wapi kwenda wapi, mji wote unaeleweka.

Halafu ndipo tunakwenda Kapellbrücke, Daraja la Kanisa Dogo. Ni la karne ya 14, lina urefu wa mita 200 na ushee, na halikunyooka: linakata mto kimshazari, kwa sababu lilijengwa kama sehemu ya ngome upande wa ziwani, si kivuko tu. Ushauri wangu hapa ni mmoja, nao nimeurudia mpaka watoto wa dada yangu wananitania: tazama juu. Watu wanaliangalia daraja kutoka pembeni, wanapiga picha maua ya jeranio yaliyoning'inia, wanavuka kwa haraka wakikwepana. Juu ya vichwa vyao, kwenye pembetatu za paa, kuna picha za mbao zilizochorwa karne ya 17 na Hans Heinrich Wägmann na wenzake: historia ya Uswisi, historia ya mji, maisha ya watakatifu walinzi wake Leodegar na Maurice. Watu wengi wakati huo hawakujua kusoma. Mji uliwaandikia watu wake historia mahali ambapo kila mmoja lazima apite.

Utaona pia sehemu ambazo ubao ni mweusi kama mkaa, na sehemu nyingine hazina kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1993 daraja liliwaka moto. Inadhaniwa chanzo kilikuwa kipande cha sigara. Sehemu kubwa ya katikati iliteketea, pamoja na picha nyingi. Zilizoweza kutengenezwa kikamilifu ni 30 tu. Daraja lenyewe lilijengwa upya na kufunguliwa Aprili 1994, miezi minane tu baadaye. Bibi mmoja niliyemtunza alikuwa akiishi upande wa pili wa mto usiku ule. Aliniambia watu walitoka na nguo za kulalia wakasimama ukingoni bila kusema kitu, na kwamba mumewe, ambaye hakuwahi kulia mbele yake, alilia. Nilikuwa sijaelewa mtu anavyoweza kulilia daraja mpaka aliponieleza: mama yake alimfundisha kusoma kwa kumwonyesha maandishi yaliyo chini ya zile picha. Tangu siku hiyo nawasimamisha wageni kwenye mbao nyeusi kuliko kwenye mbao nzuri.

Mnara wa mawe uliosimama majini katikati ya daraja, Wasserturm, ni mkubwa kiumri kuliko daraja lenyewe. Una pande nane na kimo cha mita 34 hivi. Umewahi kuwa hazina ya mji, hifadhi ya nyaraka, gereza, na chumba cha kutesea watuhumiwa. Ndani huingii, na si hasara.

Jumanne na Jumamosi asubuhi kuna soko kando ya mto, pande zote mbili, chini ya nguzo na kwenye ukingo. Jibini, mkate, matofaa, samaki wa ziwani, maua. Bei itakushtua, hilo nakuambia mapema. Lakini pita, zungumza na wauzaji, nunua tofaa moja. Na chupa ya maji usiitupe: chemchemi za mji zinatoa maji ya kunywa, safi na baridi, bure, mchana na usiku. Kwa mtu aliyekulia kuchemsha maji, hicho nacho ni kivutio. Mama yangu mdogo alijaza chupa kwenye kila chemchemi tuliyoikuta, akionja na kulinganisha.

Upande wa kushoto wa mto kuna kanisa la Wajesuiti, jeupe na waridi ndani, lililoanza kujengwa 1666; ingia, kaa dakika chache, ni pazuri kweli. Lakini mimi nina haraka ya kukupeleka mlango wa jirani, kwenye jengo ambalo watalii wengi hulipita. Ni Ritterscher Palast, ambalo leo ni ofisi ya serikali ya jimbo. Siku za kazi unaweza kuingia mpaka uani, bure. Utajikuta katikati ya nguzo na matao ya Kiitaliano, ghorofa juu ya ghorofa, mahali ambapo hukutegemea kuona Italia. Lilianza kujengwa 1557 kwa ajili ya Lux Ritter, kiongozi wa mji na mkuu wa askari wa kulipwa. Kumbuka jina la kazi hiyo. Fedha za wafalme wa nje ziliingia Luzern kwa mikono ya familia chache zilizokusanya vijana wa vijijini na kuwapeleka jeshini Ufaransa, Hispania, Napoli. Jumba hili ndilo upande mmoja wa biashara ile. Upande wa pili tutaufikia baadaye.

Ukishuka na mto kidogo utasikia maji yakipiga kelele. Ni Nadelwehr, lambo la karne ya 19 linalodhibiti kina cha ziwa zima. Limetengenezwa kwa mamia ya miti membamba iliyosimamishwa bega kwa bega; wafanyakazi wa jimbo huitoa au kuirudisha kwa mikono, mvua ikizidi au kupungua. Ziwa kubwa namna ile, nchi tajiri namna hii, na bado mtu anakwenda na kuvuta mti mmoja mmoja. Wanaume wengi ninaowatembeza hukaa hapa muda mrefu kuliko kanisani.

Na hapo hapo ndipo lilipo daraja ninalolipenda zaidi, Spreuerbrücke, lililokamilika 1408. Ni fupi, na kwa kuwa lilikuwa la mwisho upande wa chini wa mto, wasaga nafaka waliruhusiwa kumwagia makapi yao hapo. Watalii wanaolifikia ni wachache. Picha zake zilichorwa kati ya 1626 na 1635 na Kaspar Meglinger, na zote zina mgeni mmoja: Mauti. Zilikuwa 67, zimebaki 45. Mauti, mifupa mitupu, inamshika mkono mfalme. Inamwita askofu. Inamkuta askari na silaha zake, inamkuta msichana aliyejipamba. Wakati mwingine inapiga ngoma au zumari, kama mtu aliyekuja harusini. Miaka ile tauni na vita vilikuwa vinazunguka Ulaya, na watu wa hapa walikuwa wanavuka chini ya picha hizo kila siku wakienda kusaga unga.

Nilimleta mama mdogo hapa mwaka uliofuata msiba wa baba mdogo. Nilisita. Nilifikiri nimpitishe njia nyingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama, akainua kichwa, akaanza kutembea pole pole kutoka picha hadi picha bila kuuliza maelezo yoyote. Alipofika kwenye kikanisa kidogo kilichojengwa katikati ya daraja akaniambia, "Mwanangu, hawa wenzetu walikuwa wanajua." Akasali rozari yake pale pale, kwa sauti, watu wakipita. Sikuona hata mmoja aliyemshangaa. Kwa hiyo somo nililolipata ni kwamba usimchagulie mgeni mwenye huzuni mahali pa furaha tu. Mahali palipojengwa kwa ajili ya huzuni panaweza kumpokea vizuri zaidi.

Kutoka hapo barabara inapanda kwenda Museggmauer, ukuta wa ngome ulio nyuma ya mji, urefu wake karibu mita 870, na minara tisa. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15. Kuanzia Aprili mpaka mwanzo wa Novemba, baadhi ya minara hufunguliwa na unaweza kutembea juu ya kipande cha ukuta. Hakuna kiingilio. Nasema tena kwa ajili ya wanafunzi wanaohesabu senti: mandhari bora ya Luzern, paa zote nyekundu, ziwa na milima, haikugharimu chochote. Kinachohitajika ni magoti. Ngazi za ndani ni za mbao, nyembamba na kali, na mzee mwenye miguu mibovu msimpandishe. Mwacheni nyuma ya ukuta kwenye nyasi, kuna shamba lenye ng'ombe wa pembe ndefu na manyoya yaliyofunika macho, atafurahi sana. Mjomba wangu, mfugaji wa Kilombero, aliwatazama wale ng'ombe mpaka tuliposhuka. Alitaka kujua wanakamuliwaje na nywele zote zile.

Mnara wa kuingia ukikosa nafasi ya minara mingine ni Zytturm, wenye saa ya 1535. Namba zake zilifanywa kubwa ili wavuvi walioko ziwani wazisome. Saa hiyo ina haki moja isiyo ya saa nyingine mjini: hupiga dakika moja kabla ya zote. Panda ukiwa umebakiza dakika tano kabla ya saa kamili, simama karibu na mitambo ya chuma, uisikie ikipiga, kisha usikilize makanisa yote ya mji yakiitikia baada yake.

Sasa simba.

Löwendenkmal iko umbali mfupi kutoka mwisho wa ukuta, kwenye bustani ndogo yenye miti mirefu. Nenda asubuhi mapema, kabla ya saa tatu, au jioni baada ya mabasi ya watalii kuondoka. Katikati ya mchana kuna vikundi kumi vinavyosukumana, na pale panahitaji ukimya. Mbele yako kuna bwawa, na nyuma ya bwawa jabali lililokuwa machimbo ya mawe. Ndani ya jabali lenyewe amechongwa simba mwenye urefu wa mita 10, amelala upande, mkuki umevunjikia ubavuni mwake. Anakufa. Kiganja chake kimeifunika ngao yenye ua la wafalme wa Ufaransa, na kichwa chake kimeangukia hapo. Kando kuna ngao nyingine, yenye msalaba wa Uswisi, ambayo hakuikumbatia.

Mchoro ni wa Bertel Thorvaldsen wa Denmark, aliyechonga ni Lukas Ahorn, na ulizinduliwa tarehe 10 Agosti 1821. Tarehe 10 Agosti 1792, mjini Paris, umati wa mapinduzi ulivamia ikulu ya Tuileries. Mfalme Louis XVI alikuwa ameshaondoka na familia yake kwenda kutafuta hifadhi bungeni. Walinzi wake Waswisi walibaki kulinda jumba ambalo mwenyewe hayumo. Baadaye wakaletewa amri ya mfalme waache kupiga risasi, na waliuawa kwa mamia, wengine siku ile, wengine gerezani wiki zilizofuata. Chini ya simba kuna hesabu kwa tarakimu za Kirumi: 760 waliokufa, 350 walionusurika, na majina ya maofisa. Majina ya askari wa kawaida hayapo.

Aliyefanya juhudi mnara huu ujengwe alikuwa ofisa wa kikosi hicho hicho, Karl Pfyffer von Altishofen. Siku ya mauaji alikuwa likizoni, nyumbani, hapa Luzern. Nikifika kwenye sehemu hii ya maelezo sauti yangu hubadilika, najua, kwa sababu mimi pia naishi kwa mshahara wa nchi nyingine na wapo walioondoka pamoja nami ambao hawakufika. Mtu aliye likizoni anapata habari kwamba wenzake wote wameisha. Anabeba hilo karibu miaka 30, halafu anatafuta jabali la kuliandika.

Si Waswisi wote waliofurahia. Wapo waliosema wakati ule ule kwamba kuwasifu watu waliokufa wakimlinda mfalme wa kigeni dhidi ya wananchi wake ni aibu kwa jamhuri. Nami sidhani walikosea kabisa. Lakini simba yule hasifu vita. Mfalme hayumo, ushindi haumo, hata adui hayumo. Kuna mnyama mwenye nguvu aliyekufa kwa ajili ya ngao isiyo yake. Nawaambia wageni warudi katika mawazo yao kwenye ule ua wenye nguzo za Kiitaliano tuliouona asubuhi, kisha wautazame tena uso huu wa jiwe. Hizo ndizo pande mbili za biashara ile. Mwaka 1848 katiba mpya ya Uswisi ilikataza mikataba ya kukodisha askari kwa mataifa ya nje, na 1859 sheria ikazidi kulibana jambo hilo. Kilichosalia mpaka leo ni kikosi cha walinzi wa Papa kule Vatikani, kilichoanza 1506.

Nchi ambayo leo vijana wetu wanaota kuja kufanyia kazi ilikuwa ikiuza vijana wake. Mgeni Mtanzania akilijua hilo anaitazama Uswisi kwa macho mengine, bila kujidharau. Kwa sababu hiyo sikubali kuondoa simba kwenye safari hata mvua ikinyesha.

Mlango wa pili ni Gletschergarten, bustani ya barafu. Mwaka 1872 bwana mmoja alikuwa anachimba pishi la divai akakuta mashimo makubwa ya mviringo kwenye mwamba, laini kama yamesuguliwa kwa mkono. Yalitobolewa na maji yaliyozunguka kwa kasi chini ya barafu iliyofunika bonde hili zama za kale. Kubwa kabisa lina kina cha mita 9 na nusu. Hapa kuna kiingilio. Ukiwa na watoto, lipa: watapenda nyumba ya vioo iliyomo. Ukiwa na mwalimu wa jiografia, lipa pia, umwonyeshe jiwe lenye alama ya jani la mti wa kale wa jamii ya mnazi. Miaka kama milioni 20 iliyopita Luzern ilikuwa ufuko wa bahari yenye joto.

Kuhusu milima nitasema kwa kifupi, kwa kuwa hilo ndilo kila mtu analijua tayari. Usinunue tiketi ya Pilatus kabla ya kutazama kamera za kileleni; ziko kwenye tovuti ya reli ya mlima na zinaonyesha hali ilivyo dakika hiyo. Mjini kunaweza kuwa na jua na juu hamna unachokiona ila ukungu mweupe, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi faranga 70 kwa asiye na punguzo. Kukiwa safi, nenda kwa mzunguko: meli mpaka Alpnachstad, kisha treni ya meno (gurudumu lake lina meno yanayoshika reli) ya 1889, ambayo ndiyo inayopanda mwinuko mkali kuliko zote za aina yake duniani, asilimia 48, halafu ushuke upande wa pili kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba mpaka Kriens na basi likurudishe mjini. Treni hiyo haifanyi kazi majira ya baridi. Watu wa kale waliuogopa mlima huu. Waliamini roho ya Pontio Pilato imo ndani ya kijiziwa cha huko juu na kwamba ukiichokoza inaleta dhoruba. Serikali ya mji ilikataza watu kupanda, na mwaka 1387 mapadre sita waliokaidi walifungwa.

Kwa wazee na watoto mimi huchagua Rigi. Ni mlima mpole zaidi, na treni yake ya kutoka Vitznau, ya 1871, ndiyo ya kwanza ya milimani barani Ulaya. Mwenye pasi ya watalii ya usafiri wa Uswisi hailipii Rigi wala meli, na Pilatus analipa nusu. Na mgeni anayelala hotelini mjini hupewa kadi ya kupandia mabasi bure, aiombe asipopewa.

Ila kama una fedha za jambo moja tu, panda meli ya zamani. Ziwani kuna meli tano za mvuke zenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni, na bado zinabeba abiria. Gallia ni ya 1913, rika moja na Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. Tiketi ya daraja la pili inatosha. Nenda katikati ya meli, mahali pa wazi ambapo unaona mitambo chini yako, fimbo za chuma zilizong'arishwa zikipanda na kushuka, fundi na kopo la mafuta. Harufu ya chuma cha moto na mafuta inapanda mpaka kwenye meza za chai.

Nimeacha kwa makusudi mahali pamoja, kwa kuwa si pa kila mtu. Kutoka kwa simba, ukipanda kilima kwa miguu kama robo saa, unafika Wesemlin, konventi ya Wakapuchini, watawa wafuasi wa Mtakatifu Fransisko, iliyoko tangu karne ya 16. Hakuna basi la watalii linalofika. Kwa sisi wa Mahenge na Ifakara, njia inayoanzia hapa inapita nyumbani kwetu. Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi walipokea utume wa Dar es Salaam, uliojumuisha huko kwetu, na masista wa Baldegg wakaanza kazi Tanganyika mwaka huo huo. Nyumba yao mama iko Baldegg, safari fupi ya treni kutoka Luzern. Askofu Mkuu Edgar Maranta aliyeongoza Dar es Salaam mpaka 1968 alikuwa Mkapuchini wa Uswisi. Masista waliokuwa wakitoa sindano hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, mama zetu waliwataja kwa majina. Nami, nilipoanza kuishi hapa, sikujua kwamba kilima chenyewe ni hiki.

Nilipanda siku moja na mama mdogo kusali tu. Baada ya masifu padre mmoja mzee sana, mwenye mkongojo, alitukuta mlangoni. Akatutazama, akatusalimia kwa Kijerumani, kisha akasita. "Mnatokea wapi?" akauliza, na aliuliza kwa Kiswahili.

Mama mdogo akapiga goti kidogo. "Shikamoo Baba. Tunatoka Ifakara."

"Marahaba, mama. Ifakara ipi? Mjini au ng'ambo ya mto?"

Aliketi nasi kwenye benchi mpaka kengele ya chakula. Hakuuliza habari za serikali wala za bei. Aliuliza mto ulijaaje mwaka huu. Aliuliza kama bado tunavuka Kilombero kwa pantoni, akitusimulia jinsi alivyowahi kulala ukingoni na pikipiki yake akingoja kuche. Nikamtolea simu nikamwonyesha daraja jipya. Akaisogeza karibu na miwani, akauliza urefu wake. Nilipomwambia mita 384, aligeuka akatazama kule chini mjini, upande wa Kapellbrücke, akasema, "Basi limelizidi letu." Alifurahi, nikaona wazi, kama mtu aliyeletewa habari njema za kwao.

Wazee wa namna yake wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Ndiyo maana mgeni yeyote anayetoka Ulanga au Kilombero namwandikia mapema, kabla hajapanda ndege, aje na picha za kwao: kanisa, hospitali, barabara, shule, hata duka jipya lililofunguliwa kijijini. Wazee wale wanauliza kwa majina, Sali, Ruaha, Itete, na maneno matupu hayawatoshi. Wanataka kuona mwembe uliokuwa mbele ya misheni kama bado upo.